UZI: Kikundi chetu cha maigizo Amu (Lamu) kinatafuta pesa za kuvuka maji Desemba. Tushauriane njia zinazowezekana

mwana_langoni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Uzi huu niliuahidi siku nyingi, leo nimepata nafasi ya kukaa. Utakuwa mrefu, mnivumilie.

Kikundi chetu ni cha watu ishirini na mmoja, wengi wa Langoni, wachache wa Mkomani na Shela. Mazoezi tunafanyia uani kwa mwenzetu baada ya Isha. Igizo tulilonalo ni la Vita vya Shela, tumelitunga wenyewe kutokana na masimulizi ya wazee: namna majeshi ya Pate na Wamazrui wa Mombasa yalivyoshuka ufukweni, maji yakapwa, vyombo vikakaa mchangani, Waamu wakawashukia. Mwaka huu tunataka kulivusha maji, tulipeleke Pate, Siyu na Faza wakati wa likizo ya Desemba.

Mali yetu ni mapazia mawili, taa mbili za sola, ngoma za chapuo na msondo, mapanga kumi na manne ya mbao, na siwa (baragumu kubwa) tuliyoitengeneza kwa karatasi na gundi. Tunachokosa ni gharama ya mashua, mafuta, chakula cha watu kwa siku nne, na taa za kumulika uwanja mzima.

Niseme kwanza tulipokosea. Mwaka jana tuliandaa hafla ya chakula cha usiku katika hoteli moja, tiketi shilingi 2,000. Tulidhani pesa ziko kwa wageni. Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua inanyesha, hoteli nyingi za Shela zimefunga na wageni hawapo. Watu wa mtaani walitutazama tu, maana shilingi 2,000 ni unga na mafuta ya wiki. Tulipomaliza kulipa ukumbi na wapishi tulibaki na deni, na dada mmoja wa kikundi akalilipa kwa pesa zake za kusuka. Siku ile niliapa sitaandaa tena kitu ambacho jirani yangu hawezi kuingia.

Tangu hapo nimesoma sana jinsi vikundi vya mitaa vya Marekani na Uingereza vinavyochangisha wakati wa kiangazi chao, Juni hadi Agosti. Kule vikundi vingi huanza msimu wa maigizo Septemba na kuumaliza Mei au Juni. Kiangazi ukumbi unabaki mtupu, watoto wako likizo, na jioni ni ndefu, saa tatu usiku bado unaona uso wa mtu. Kwa hiyo wanatoka nje: maigizo bustanini, kambi za watoto, mauzo ya mavazi ya zamani, tiketi za msimu ujao zikiuzwa mapema kwa bei ya chini ili pesa za mazoezi zipatikane kabla ya pazia kufunguliwa. Jumba la Globe la London, lililofunguliwa 1997 kwa mfano wa lile la zama za Shakespeare, lina nafasi ya watu 700 wa kusimama uwanjani, na hao ndio wanaolipa kidogo kuliko wote. Edinburgh kila Agosti kuna tamasha la Fringe, lililoanza 1947, na wako wasanii pale ambao hawatozi kiingilio. Onyesho likiisha wanasimama mlangoni na ndoo.

Lakini huwezi kulichukua hilo ukalibandika Amu. Juni hadi Agosti kwetu ni wakati wa upepo wa kusi, bahari imechafuka, na jua linazama mapema kama siku zote. Kiangazi chetu ni wakati wa upepo wa kaskazi. Likizo yetu ya Agosti ni fupi, ndefu ni ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo kila wazo lazima lipitishwe kwenye kalenda ya upepo, ya skuli na ya mfungo.

Sasa niwaeleze lililonifungua macho. Mwezi uliopita tulifanya onyesho dogo uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, bila kiingilio, kwa sababu tulikuwa tunajaribu tu. Kuna pahali mama wa askari aliyeuawa anasimama peke yake na kuimba beti sita. Msichana anayeigiza ana miaka kumi na tisa. Alipofika ubeti wa tatu, bibi mmoja aliyekaa kwenye kibao cha mbele aliinuka taratibu, leso yake mabegani, akafungua pindo, akatoa noti ya hamsini iliyokunjwa mara nne, akamtia msichana mkononi, akarudi kukaa. Alimtunza, kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarabu. Msichana hakukatisha wimbo. Akainuka mwingine, na mwingine. Mapigano yalisimama jukwaani watu wakitunza. Usiku tulihesabu kwenye mkeka, noti na sarafu, ikatoka shilingi 7,340. Hafla ya hoteli ilituletea deni, beti sita zikatuletea hizo.

Tulikuwa tunatafuta njia ya kigeni ya kuomba, na watu wetu wana njia yao ya kutoa tangu zamani. Basi nataka mawazo ya namna hiyo. Karibuni.

malindi_kwetu

Waleikum salaam ndugu yangu. Mimi niko Malindi, nimeigiza mahotelini miaka minane. Nikwambie ukweli kuhusu wageni, kwa sababu kuna watu watakuja hapa kukwambia uwafuate.

Malindi wageni Waitaliano huja kwa wingi Agosti na tena Desemba mpaka karibu na Pasaka. Wanalipa, lakini hawaelewi lugha, kwa hiyo hoteli itakutaka ngoma na sarakasi, igizo halitakiwi. Ukikubali, kata masharti mapema: malipo kwa onyesho, nusu kabla. Usikubali kulipwa kwa chakula na "kutangazwa jina". Mimi nilikubali hivyo misimu miwili nikatoka na fulana.

Kitu kilichotulipa vizuri ni kumpeleka Mekatilili wa Menza kwa watu wake. Mnamjua, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913, akapelekwa kizuizini Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Wakati wa kumkumbuka, Agosti, watu hutoka vijijini kuja mjini. Tulitunga kipande cha dakika ishirini, ngoma ya kifudu ikapigwa na wenyewe wanaoijua, akina mama wa vijijini, sisi tukaigiza katikati yao. Hatukutoza. Tuliuza mahindi ya kuchoma, maji baridi na picha ya kupigwa pamoja na aliyeigiza Mekatilili. Akina mama wale walikuja na jamaa zao wote. Hao ndio waliojaza uwanja, tangazo letu la redioni halikuleta mtu.

mama_vazi

Mwanangu mwana_langoni, Mungu akubariki kwa uzi huu. Mimi ni mshonaji, na nimeshona nusu ya mavazi ya kikundi chako, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Mna majoho, vilemba, kanzu za zamani na vikoi vimelala ndani ya sanduku miezi kumi kwa mwaka. Msimu wa harusi watu wanatafuta joho la bwana harusi la kukodi na wanaliagizia Mombasa. Kodisheni. Lakini awepo mtu mmoja wa kutoa na kupokea, daftari, na amana ya kurudishwa. Vazi likirudi na mafuta ya pilau, amana inafua.

La pili ni kubwa zaidi na naomba wanaume mnisikilize. Usiku wa wanawake. Kwenye harusi zetu siku ya kupamba, wanawake wanajaa ukumbini, simu zinaachwa mlangoni, buibui zinavuliwa, watu wanacheza mpaka usiku wa manane. Wanawake hao hao hawaji Mkunguni kukaa mchanganyiko kutazama igizo, na wengi wana haya kusema ni kwa nini. Tengenezeni onyesho la wanawake watupu: waigizaji wasichana, mpiga ngoma mwanamke, mshika taa mwanamke, kiingilio mia na hamsini, watoto wadogo bure. Ndani tuuze kaimati, mkate wa kumimina, mabuyu, achari ya maembe, juisi ya ukwaju. Kila mama alete sinia moja kutoka nyumbani kama mchango wake, gharama hakuna. Kumbi ya harusi nitaiombea mimi mwenyewe siku ya katikati ya wiki ambayo haina shughuli.

Na wasichana wenu wenye vipaji ambao baba zao hawawaruhusu kupanda jukwaani mbele ya wanaume, hapo watapanda.

mwana_langoni

Mama, nimesoma mara mbili. Wasichana wawili walituacha mwaka jana kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja mwisho. Hilo la usiku wa wanawake nalichukua kama lilivyo, na usimamizi uwe wako na wao. Sisi tutabeba vibao mchana na kuondoka.

kijana_wa_mokowe

Mimi naona mnazunguka. Fanyeni bahati nasibu, tiketi shilingi 50, zawadi simu. Huko majuu kila kikundi kinafanya.

mwalimu_mkongwe

Kijana wangu, huko majuu sawa, lakini hapa bahati nasibu wengi wanaihesabu kuwa kamari, na kamari ni haramu. Kikundi kitapata pesa ya usiku mmoja kipoteze wazazi wa waigizaji wake. Isitoshe, sheria ya nchi nayo inataka kibali kwa mchezo wa namna hiyo. Mkitaka msisimko fanyeni mnada. Mnada mtu anajua analipia nini. Weka sinia ya halua, kofia ya kushonwa kwa mkono, kiti cha mpingo kilichokarabatiwa. Dalali mwenye ulimi atafanya kazi.

Nina mawili ya kuongeza. La kwanza ni skuli. Watahiniwa wa Kidato cha Nne wana tamthilia ya Kiswahili wanayotahiniwa, na mwanafunzi aliyeiona jukwaani haisahau. Vikundi vingi nchini vinaishi kwa hilo. Igizeni muhula wa pili, skuli ikilipa kwa idadi ya wanafunzi. Kabla hamjafanya hivyo muandikieni mchapishaji muombe ruhusa, kwa maana kazi ya mtu ni mali yake. Pesa hii haiwezi kuwafaa Desemba hii, ila mwakani mtaanza mwaka mkiwa na akiba.

La pili, msione haya kuomba kazi ya mikono badala ya pesa. Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao na kuigiza wenyewe mwaka 1977. Serikali iliwanyima kibali, na 1982 ikaubomoa ukumbi wenyewe. Lakini angalieni kilichowezekana kabla ya hapo: wakulima na wafanyakazi wa mashamba ya chai, wengi hawakuwa na mali, walisimamisha jukwaa. Fundi seremala akikupa siku moja ya kazi amekupa mchango. Uandikwe daftarini kama pesa.

mzee_wa_baraza

Nami naomba adabu izingatiwe. Msipige ngoma karibu na msikiti wakati wa adhana, na onyesho lianze baada ya Isha watu wakiwa wameshatoka. Mkifanya hivyo hata sisi wazee tutakuja.

mwana_langoni

Tumekusikia babu, na tunakushukuru. Itakuwa hivyo.

Maalim, la mnada limenikaa. Kuhusu skuli tutaandika barua ya ruhusa mwezi huu, tusingoje.

Sasa niwaeleze letu la Agosti, tumeshaamua: darasa la maigizo la watoto. Asubuhi tu, saa mbili hadi saa tano, kwa sababu alasiri watoto wako chuoni na hatutaki kugombana na walimu wa madrasa. Wiki mbili, shilingi 1,000 kwa mtoto, na ambaye nyumbani hawana anakuja bila kitu na hakuna atakayejua isipokuwa mimi na mwekahazina. Tukipata watoto 25 wa kulipa ni shilingi 25,000. Kufundisha tunafundisha wenyewe. Siku ya mwisho kuna onyesho la wazazi, kiingilio kidogo. Mtoto mmoja anakuja na mama, shangazi wawili, bibi na jirani, na wote wanataka kukaa mbele. Kambi za kiangazi ndizo vikundi vya Marekani vinavyozitegemea sana, na hili ni moja kati ya machache ambayo naona yanavuka bahari bila kuharibika.

Mwenye swali la hesabu aliyenitumia ujumbe faraghani, nakujibu hapa ili wote waone. Una haki. Pesa za vikundi zimeliwa sana na watu wamechoka. Kikundi chetu kimesajiliwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Tunatumia namba ya till ya kikundi, haiingii M-Pesa ya mtu. Pesa taslimu zinahesabiwa na watu watatu usiku ule ule, mmoja si mwanakikundi, na karatasi ya hesabu inabandikwa mlangoni pa ua asubuhi yake. Kuchangisha hadharani kuna sheria yake, kwa hiyo kibali tutakiomba kabla, na polisi watapewa taarifa ya kila mkusanyiko. Mfadhili mmoja mwaka juzi alituahidi taa mbele ya kamera, tukapiga picha, tukamshukuru mbele ya watu, taa hazikuja. Tangu hapo hatutangazi kitu ambacho hakijafika mkononi.

Na tumeandaa kadi ya mchango, kama ile ya harusi, lakini imegawanywa kwa vitu: lita tano za mafuta, chakula cha mwigizaji mmoja kwa siku, nguo ya pazia, balbu. Mtu achague. Anayependa jina lake litajwe kabla ya igizo litatajwa. Anayetoa kwa siri, sadaka yake ibaki baina yake na Mola wake.

nahodha_matondoni

Nimefuatilia uzi wote kimya. Jahazi ninalo. Naweza kuwapa usiku mmoja wa mwezi mpevu, mwezi wa Novemba kusi ikishaisha, tuzunguke ndani ya mlango kati ya Amu na Manda, msitoke nje ya Shela. Watu thelathini, maboya kwa kila mmoja, hilo silijadili. Msimuliaji mmoja na mpiga udi mmoja wanatosha, maana chomboni hakuna nafasi ya mapanga. Nusu ya nauli iwe ya mabaharia wangu, nusu yenu. Wageni wa Shela watakuja, na wa mjini muwape bei yao.

Kuhusu safari ya Pate, mmeniogopesha kidogo, sijaona mtu aliyetaja maji. Mkanda, ule mkondo mwembamba wa kupitia kwenda Pate, haupitiki maji yakipwa. Mkikosea saa mtakaa kwenye mikoko na mapazia yenu mpaka maji yajae. Pate yenyewe mkifika maji machache mtashukia bandari ya Mtangawanda mtembee, na mizigo itataka punda. Panga tarehe ya maonyesho kwa kufuata bamvua, siku za maji makubwa, kisha ndiyo utangaze. Mkipanga vizuri mtaokoa siku nzima ya chakula cha watu ishirini na mmoja, na hiyo ni pesa ambayo hamtahitaji kuichangisha.

mwana_langoni

Nahodha, nimeona haya kweli. Tunaigiza watu walioshindwa kwa sababu ya maji kupwa, na sisi wenyewe tumepanga safari bila kuuliza maji. Nitakuja Matondoni Jumamosi tukae na tarehe zote. Na jahazi tumelipokea kwa mikono miwili.

wa_kisiwa_cha_pate

Mimi ni wa Pate mjini. Nimesubiri mtu aulize na hakuna aliyeuliza.

Mnaleta kwetu igizo ambalo babu zetu wanauawa ufukweni na watu wanawapigia makofi wauaji. Sikatai historia, hata kwetu inasimuliwa. Lakini bibi yangu anaisimulia kwa namna nyingine. Kwake, wale ni vijana walioondoka na wengi hawakurudi, na yapo majina. Mkija na waigizaji wenu wa Amu wakivaa nguo za Wapate wakikimbia ovyo jukwaani, mtapata watu kumi wa kuwatazama na hakuna atakayetunza.

mwana_langoni

Ndugu yangu, umesema kweli na nakuomba radhi. Kwa siku mbili sikujibu kwa sababu nilikuwa na wenzangu tukiizungumza.

Tumeona hivi. Nyinyi muigize upande wenu. Mtuchagulie vijana wa Pate, mtunge wenyewe maneno yao kutokana na anavyosimulia bibi na wazee wengine, sisi tutapunguza ya kwetu yalingane. Yule mama anayeimba beti sita, kwa Pate awe mama wa Kipate, na beti azitunge mtu wa huko. Tutakuja siku tatu kabla tufanye mazoezi pamoja. Kwa kuwa nyinyi mpo huko, sisi tutavuka kumi na wawili tu badala ya ishirini na mmoja, na mashua moja inatutosha. Mapato ya Pate tunagawana nusu kwa nusu, na hesabu mtaiandika nyinyi.

mama_vazi

Huyo mama wa Kipate mimi nitamshonea. Nitumieni kipimo.

malindi_kwetu

Nakuja kutazama hilo, inshallah. Nitalipa kiingilio na kutunza juu yake.

mwana_langoni

Basi yaliyopo ni haya: Agosti darasa la watoto, fomu zinapatikana kwangu. Septemba usiku wa wanawake chini ya mama_vazi. Oktoba mnada Mkunguni, wenye vitu vya kutoa waanze kuvileta. Novemba jahazi la mwezi. Kadi za mchango ziko tayari, Ijumaa baada ya Alasiri nitakuwa Mkunguni chini ya mti na daftari. Bado nangojea jibu la Pate.

wa_kisiwa_cha_pate

Nimemsomea bibi uliyoandika. Ameomba asomewe tena. Ameshaanza kutunga, ubeti wa kwanza anao.

Vijana tumepata kumi na wanane. Mapanga yenu kumi na manne hayatoshi, fundi wetu atachonga mengine huku.